Kahawa Ikiwa Bado Maua

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Nehemia 5:1–13; Walawi 25:35–37; Kumbukumbu la Torati 24:6, 10–13; Amosi 8:4–6; Isaya 58:3–7, 13; Luka 6:34, 35; Luka 19:1–10.

Fungu la kukariri: Walawi 25:35. Lisome kwa sauti pamoja na jamaa yako. Ukilikariri, usiache sehemu yake ya mwisho, pale linapoeleza mahali ambapo ndugu aliyepungukiwa anapaswa kukaa.

Mvua za kwanza zikinyesha katika milima ya Umatengo, mibuni huchanua. Maua yake ni meupe, yana harufu nzuri, nayo hudumu siku chache tu kabla ya kunyauka. Kutoka siku hiyo mpaka mkulima avune, amenye, aoshe, aanike na kufikisha kahawa kavu kwenye chama cha msingi, hupita miezi mingi. Katika miezi hiyo mahindi ghalani yataisha, mbolea itahitajika, mtoto ataugua, na shule zitafunguliwa.

Ndipo hutokea mtu mwenye fedha, akamwambia mkulima, "Chukua hizi, utanilipa kahawa." Bei hupangwa siku hiyo hiyo, kahawa ikiwa bado maua au tunda bichi, na anayeipanga ni mwenye fedha. Wilayani Mbinga biashara hii huitwa magoma. Kagera huiita butura. Kwenye korosho za kusini iko jamaa yake iitwayo kangomba. Serikali imeipiga marufuku, na viongozi huikemea msimu hata msimu. Hata hivyo magoma hayaishi, kwa sababu njaa ya Januari haisomi matangazo.

Juma hili tutauliza jinsi mtu anayeitunza Sabato anavyopaswa kuishi na jirani yake katika mwezi wa upungufu, hasa jirani huyo anapokuwa mshiriki wa kanisa lile lile, anayeketi benchi la pili na kujibu maswali ya lesoni.

JUMAPILI
Hodi ya Januari

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wa kanisa moja la vijijini. Majina hayahitajiki, maana kila darasa litawatambua kwa namna yake.

Wa kwanza ana duka kando ya barabara. Ni mzee wa kanisa, mwalimu wa Shule ya Sabato, mtu anayelipa zaka bila kukumbushwa. Wa pili ana mibuni yake kwenye mteremko, na juu ya mibuni ana shamba la ngoro. Wasioijua ngoro waelezwe kidogo: nyasi hukatwa na kulazwa miraba miraba juu ya mteremko, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi hizo. Shamba lote huwa mashimo na matuta. Mvua ikishuka kwa nguvu, kila shimo hushika maji yake, na udongo haukimbilii bondeni. Maharage hupandwa kwenye matuta, na mahindi hufuata. Ni kazi ya mgongo. Mtu aliyelima ngoro hawezi kuitwa mvivu, na hilo lisemwe mapema, maana maskini akija kukopa neno "uvivu" huwa karibu sana na midomo yetu.

Binti wa ndugu huyu wa pili amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada katika sekondari za serikali ilifutwa kuanzia 2016, lakini godoro, sare, ndoo, madaftari na nauli havikufutwa. Anahitaji Sh 120,000. Anakwenda dukani jioni, wateja wakiwa wamepungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ndani. Za mlimani?"

"Njema, mzee, ila nimekuja na neno."

Mzee anasikiliza mpaka mwisho, kisha anasema, "Fedha ipo, ndugu yangu. Lakini ni fedha ya biashara, haiwezi kulala bure. Tufanye kama watu wanavyofanya."

Kama watu wanavyofanya maana yake ni kilo 60 za kahawa kavu, kila kilo Sh 2,000, zitolewe msimu ukifika. Wanakubaliana. Kabla ya kuagana mzee anaomba, akimsihi Bwana ambariki binti katika masomo yake. Ndugu yule anaitikia "Amina" kwa moyo wote, kwa sababu amesaidiwa.

Tuseme mwezi Agosti kahawa inapata Sh 6,000 kwa kilo. Zile kilo 60 zina thamani ya Sh 360,000. Aliyezilima alipata theluthi moja yake, na aliyesubiri dukani alipata theluthi mbili.

Angalia jambo moja linalofanya mfano huu kuwa mgumu. Hakuna aliyedanganya. Mizani haikuchezewa, ndoo haikubonyezwa chini, gunia halikujazwa lumbesa. Hakuna aliyelazimishwa, na ahadi ilitimizwa na pande zote mbili. Dhambi nyingi za biashara tunazozikemea mimbarani hazimo humu hata moja. Kama kuna kosa, liko mahali pengine, na somo hili linapatafuta hapo.

*Soma Mithali 22:7. Sulemani anaamuru jambo gani katika fungu hili, au anaeleza tu hali ilivyo? Kuna tofauti gani kati ya hayo mawili?*

JUMATATU
Sehemu moja ya mia

Nehemia anajulikana sana kwetu. Tunamhubiri akijenga ukuta, mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine ukishika silaha. Tunamhubiri zaidi katika sura ya 13, alipofunga malango ya Yerusalemu jua lilipokaribia kuchwa ili bidhaa zisiingizwe siku ya Sabato, na wachuuzi wakalala nje ya mji. Sura ya 5 huhubiriwa kwa nadra. Pengine ni kwa sababu katika sura ya 13 wakosaji wengine wametoka Tiro, lakini katika sura ya 5 wote ni wa nyumbani.

*Soma Nehemia 5:1–5 polepole. Walalamikaji wanataja makundi mangapi ya shida? Ni nani wanaolalamikiwa?*

Kuna wenye watoto wengi wasio na chakula. Kuna walioweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Kuna waliokopa ili walipe kodi ya mfalme. Mmatengo akisoma orodha hii hahitaji mfasiri: chakula, shamba, na malipo yasiyosubiri mavuno. Tena walalamikaji wanasema neno linalouma katika aya ya 5, kwamba mwili wao na mwili wa wakopeshaji ni mmoja, na watoto ni sawa na watoto. Kilio chao ni juu ya ndugu zao Wayahudi. Mfalme wa Uajemi alidai kodi, lakini aliyenufaika na shida iliyoletwa na kodi hiyo alikuwa jirani.

Sasa tazama Nehemia anavyofanya. Anakasirika, halafu anajishauri kwanza kabla ya kusema (aya ya 6 na 7). Kisha anawakemea wakuu mbele ya mkutano mkubwa. Lakini aya ya 10 isikupite: anakiri kwamba yeye mwenyewe, na ndugu zake, na watumishi wake, nao wamewakopesha watu fedha na nafaka. Hakusimama juu ya kilima kuwanyoshea kidole wengine. Alisema "tuache" akiwa mmoja wao.

Halafu aya ya 11 inataja kiasi. Wakopeshaji walikuwa wakitoza sehemu moja ya mia. Wafafanuzi wengi huelewa kuwa ilikuwa kwa mwezi. Hebu tupige hesabu hiyo kwa mfano wa jana. Sehemu moja ya mia ya Sh 120,000 ni Sh 1,200. Kutoka Januari hadi Agosti ni miezi saba, yaani Sh 8,400. Mkopeshaji wa Yerusalemu angerudishiwa Sh 128,400, naye Nehemia alikung'uta vazi lake mbele za watu akiomba Mungu amkung'ute vivyo hivyo kila asiyeacha jambo hilo. Mzee wetu wa kanisa alipata Sh 360,000, baada ya kuomba.

Mtu atasema mizabibu ya Yerusalemu na kahawa ya Mbinga si kitu kimoja, kwamba mwenye duka naye ana hatari zake: ukame, ugonjwa wa chule buni unaoozesha matunda, bei kushuka, mdaiwa kuhama. Ni kweli. Hatari ipo, na mfanyabiashara hapaswi kudharauliwa. Lakini mwulize huyo mwenye hoja kama amewahi kumpunguzia mdaiwa kilo mwaka ambao bei ilipanda mara tatu.

JUMANNE
Jiwe la kusagia

*Soma Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10–13. Kwa nini jiwe la kusagia limekatazwa kuwekwa rehani? Kwa nini mkopeshaji anaambiwa asimame nje?*

Jiwe la kusagia ndilo lililotengeneza mkate wa kila siku. Kulichukua ni kuchukua uhai, kwa kuwa mdaiwa hana tena njia ya kula wala ya kulipa. Kila mahali pana jiwe lake la kusagia. Kwa fundi ni cherehani, kwa kijana wa bodaboda ni pikipiki. Kwa familia ya Mbinga yenye eka moja ya mlimani, ni mbuni.

Aya ya 10 na 11 zina adabu ya ajabu. Mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kuchagua cha kuchukua. Asimame nje, na mwenye nyumba amtolee kwa mkono wake. Mungu analinda kizingiti cha maskini. Mtu anaweza kuwa na deni na bado akawa na mlango. Linganisha na yanayotokea msimu ukifika, mwenye fedha anapopita shambani kwa mwenzake kila juma kuangalia kama kahawa imeiva, au anapomweka kijana wa kulinda ili isiuzwe kwingine. Mama wa nyumba anamwona mgeni akitembea katikati ya mibuni aliyoipalilia, naye hawezi kumwuliza anatafuta nini.

Wazee wa Umatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na baada ya kula mambo ya ukoo yalizungumzwa hapo: nani amepungukiwa, nani amekosana na nani, nani hana mbegu. Yatima alikula palepale na mwenye baba. Desturi hiyo imefifia, na si kila kitu ndani yake kilikuwa chema, lakini ilikuwa na jambo ambalo Walawi 25:35 linalidai: aliyelegea mkono alikaa na wenzake, akaonwa, na upungufu wake ulijulikana kabla haujafika dukani usiku. Kanisa lenye darasa la watu kumi na wawili wanaokutana kila Sabato lina nafasi hiyo hiyo. Kipindi cha kuulizana habari kabla ya lesoni kimewekwa kwa ajili hiyo, ingawa mara nyingi hutumika kuhesabu waliojifunza mara saba.

JUMATANO
Jua likizama ziwani

Sasa tushuke milima. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na mwisho wake ni Ziwa Nyasa. Huko hakuna mibuni. Kuna mbasa, kuna mbufu, na juu ya yote kuna usipa, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, wakaanikwa, na kupandishwa Mbinga na Songea kuuzwa. Hata hivyo jambo la juma hili liko huko pia, limebadili nguo tu. Mwenye mtumbwi, nyavu na taa mara nyingi si yule anayevuta. Anayevuta huanza safari akiwa tayari anadaiwa.

Anayeishi Lituhi, Liuli au Mbamba Bay ana neema ambayo washiriki wengi hawana. Haitaji kalenda ya kanisa kujua Sabato imeingia au imetoka, maana jua huzama mbele yake, ng'ambo ya maji, upande wa Malawi. Darasa zima linaweza kusimama mchangani, likaimba wimbo wa kufunga Sabato na kuliona likitoweka.

*Soma Amosi 8:4–6. Je, wafanyabiashara hawa walifungua maduka yao siku ya Sabato?*

Hawakufungua. Hili tunalipita haraka kila tunaposoma. Watu waliokemewa na Amosi waliitunza siku. Magunia yalifungwa, mizani ilitundikwa. Kosa lao lilikuwa moyoni: walikuwa wakilitazama jua lizame ili warudi kwenye efa iliyopunguzwa na shekeli iliyoongezwa, wamnunue maskini kwa fedha, na mhitaji kwa jozi ya viatu. Walingoja pia mwandamo wa mwezi upite, kama mvuvi wa usipa anavyoungoja mwezi ufifie ili taa yake ivute samaki. Anayesimama mchangani Sabato jioni akiimba, huku simu mfukoni ikitetemeka kwa sababu mnunuzi wa Mbinga amekwisha kufika na gari, atafahamu Amosi alikuwa akisema na nani.

Si dhambi kuuza usipa baada ya jua kuchwa. Swali ni kama aliyevuta wavu usiku wa Alhamisi atapata sehemu yake kabla mwenye mtumbwi hajanunua shati jipya. Na kuna swali gumu zaidi kwa wenye mitumbwi. Ndugu fulani halali ziwani Ijumaa usiku. Yuko nyumbani, ameoga, anaimba na watoto. Lakini mtumbwi wake uko majini na watu wengine, na Jumapili atapokea fungu lake. Soma Kutoka 20:10 na uhesabu wote waliotajwa humo. Kisha soma Kumbukumbu la Torati 5:14, mahali panapoeleza kwa nini mtumwa naye apumzike.

Isaya anatufikisha mahali hapo hapo. Waadventista wengi wanaweza kukariri Isaya 58:13, fungu la kuiita Sabato siku ya furaha. Ni fungu letu. Lakini sura haianzii hapo. Katika aya ya 3 watu wanafunga huku wakiwatesa wafanyakazi wao. Katika aya ya 6 na 7 Mungu anataja mfungo anaoupenda: kufungua vifungo, kulegeza kamba za nira, kumgawia mwenye njaa chakula. Ndipo, baada ya hayo, inakuja Sabato. Kuichukua aya ya 13 na kuziacha zile zilizo juu yake ni kuezeka nyumba ambayo kuta zake hazijajengwa.

ALHAMISI
Nafasi iliyo wazi benchi la pili

Turudi mlimani, kwa ndugu wale wawili.

Kahawa ilipoanza kuiva, ndugu wa pili alipunguza kuja kanisani. Sabato moja alikosa, Sabato tatu akakosa. Kwenye kikao cha walimu mzee alisema, kwa uchungu wa kweli, kwamba ndugu huyo amepoa kiroho, naye akajitolea kwenda kumtembelea. Alimkosa. Alimkuta mke wake akigeuza kahawa juu ya kichanja.

Walisalimiana, akapewa kigoda. Mzee akauliza kama kuna ugonjwa nyumbani. Mama akasema hakuna. Akauliza kama kuna aliyewakwaza kanisani. Mama aliendelea kugeuza kahawa, kisha akasema bila kumtazama, "Mzee, tunaona haya. Ukifundisha, baba watoto anasema anazisikia zile kilo."

Mzee alinyamaza. Jambo lililomnyamazisha zaidi halikuwa maneno ya mama. Ni kwamba tangu aketi kwenye kigoda kile, macho yake yalikuwa juu ya kichanja, nayo yalikuwa yamekwisha kukadiria ni sehemu gani ya kahawa ile inatosha kilo 60.

*Soma Luka 19:1–10. Zakayo anasema neno lake wakati gani: kabla Yesu hajaingia nyumbani mwake au baada ya kupokewa? Je, kuna aliyemwamuru arudishe?*

Zakayo naye alikuwa na kibali. Kazi yake ilitambuliwa na serikali. Hakungoja mahakama, alihesabu mwenyewe, nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Wokovu uliingia nyumbani mwake na ukafika mpaka kwenye daftari la madeni.

Mzee wetu alifanya kidogo kuliko Zakayo, na ni afadhali isemwe hivyo. Alirudi jioni nyingine akamkuta mwenye nyumba, wakaketi nje. Walikubaliana kahawa yote ipelekwe chama cha msingi kwa jina la mwenye shamba, na deni lilipwe Sh 120,000 kama lilivyotolewa. Mke wa mzee hakufurahi, wala hakukosea kabisa, kwa sababu mtaji wa duka ulikuwa wa wote wawili na hakuulizwa. Ndugu yule alilipa mwezi Septemba. Januari iliyofuata watu watatu walibisha hodi dukani, maana habari ilikuwa imesambaa. Mzee aliwakopesha wawili kwa namna ile mpya, shilingi kwa shilingi. Mmoja hakulipa mpaka leo, na akikutana na mzee njiani hukata kona.

Huyo naye ana fungu lake: Zaburi 37:21. Somo hili lisitumiwe na mdaiwa kama shuka la kujifunika. Wako wanaochukua fedha kwa watu wawili kwa kahawa ile ile, na wako wanaovuna usiku na kuuza mbali, kisha kuwaita wakopeshaji wao wanyonyaji. Anayekopeshwa kwa upendo na asilipe hamwibii mtu mmoja. Anaufunga mlango kwa atakayebisha hodi Januari ijayo.

Na bado kuna Luka 6:34, 35, ambapo Yesu anasema kukopesha kwa kutarajia kurudishiwa ni jambo ambalo hata wenye dhambi hulifanya. Mafungu haya mawili hukaa pamoja bila kupunguzana. Lile la kwanza lisomwe na mdaiwa, na lile la pili lisomwe na mkopeshaji. Vurugu hutokea kila mmoja anaposoma la mwenzake.

IJUMAA
Jifunze zaidi

Soma sura inayoeleza jinsi Nehemia alivyowakemea waliowadhulumu ndugu zao, katika kitabu cha Ellen G. White, *Manabii na Wafalme*. Soma pia barua nzima ya Paulo kwa Filemoni, ambayo ni fupi, ukiangalia hasa aya ya 18 na 19: nani anajitwika deni, na kwa nini anaandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kabla ya kujadili, darasa lifikirie kwa nini mkulima anakwenda kwenye magoma wakati chama cha msingi kipo. Wazee wa Mbinga wanakumbuka jinsi Chama Kikuu cha MBICU kilivyoanguka katika miaka ya 1990, na jinsi pembejeo za mkopo zilivyokuwa shida kupatikana baada yake. Mtu aliyeona chama kikubwa kikianguka hujifunza kuamini fedha anayoiona mkononi. Tena chama hulipa kahawa ikiisha kuuzwa, lakini godoro la mwanafunzi linahitajika leo. Kumwambia mtu aache magoma bila kumwambia atalipata wapi godoro ni kumtuma arudi dukani kwa mlango wa nyuma. Baadhi ya washiriki wameunda vikundi vya kuweka na kukopa, hisa zikinunuliwa wakati wa mauzo ya kahawa, Julai hadi Oktoba, ili sanduku liwe na kitu Januari. Vikundi hivi vina taabu zake: mweka hazina asiyeandika, mwanachama anayekopa na kuhama. Walakini kikundi chenye vitabu vilivyo wazi humfanya mkopaji adaiwe na watu ishirini wanaomjua, wala asiwe chini ya mmoja.

Maswali ya kujadili

1. Katika mfano wa Jumapili hakuna aliyedanganya wala kulazimishwa. Je, makubaliano ya mtu mwenye shida ni makubaliano huru? Jibuni kwa kutumia Nehemia 5:1–5, kisha kwa kutumia jambo mlilowahi kuliona wenyewe.

2. Mzee aliomba kabla ya kuagana na ndugu yake usiku ule wa Januari. Ombi hilo lilikuwa la unafiki, au la mtu ambaye hajaona bado? Ni nini kilichomfungua macho, na kwa nini si lesoni alizofundisha kila juma?

3. Mwenye mtumbwi anayeukodisha Ijumaa usiku anasema, "Mimi sikuvua." Darasa lenu lingemjibu nini? Na kama wavuvi wenyewe si Waadventista, jibu linabadilika?

4. Mke wa mzee hakuulizwa mtaji wa duka ulipotolewa kwa namna mpya. Je, mtu anaweza kutenda haki kwa jirani na kukosea nyumbani kwake kwa tendo lile lile? Mngeshauri wafanyeje?

5. Yule asiyelipa hukata kona akimwona mzee. Nani amfuate, aende lini, na amwambie nini kwanza?

6. Pitieni majina ya darasa lenu. Nani hajaonekana tangu mavuno yaanze? Kabla ya kuandika kwamba amepoa, mwulizane kimya kimya kama yuko ndani ya darasa hili mtu anayemdai.